Nimepwelewa Shela

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeoa Lamu. Hilo lishike, litatufaa mbele.

Shangazi yangu alikuja kututembelea, nami nikajitia mwenyeji kuliko wenyeji. Asubuhi nikampitisha ngomeni, nikamweleza kuwa ilikamilika 1821, na kwamba mji wenyewe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001. Akapiga miayo. Nikaona hapa panataka damu. Nikamwomba shemeji atupeleke kijiji cha Shela kwa mashua yake.

Kufika, shemeji akatia nanga karibu na ufuo, akayatazama maji. "Leo bamvua, shemeji, maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida. Yakianza kutoka hayamngoji mtu. Nusu saa, basi."

"Nusu saa nyingi," nikamjibu.

Shangazi akatandika leso juu ya tuta la mchanga, akakaa, nami nikaanza. Miaka ya 1810, Wamazrui, watawala wa Mombasa, waliungana na watu wa kisiwa cha Pate waje kuitia Lamu adabu. Wakashuka papa hapa. Watu wa Lamu wakawatokea, jeshi likageuka mbio kurudi vyomboni. Hapo nikainuka, nikawa askari wa Mombasa: nikakimbia hatua tatu, kofia mkononi, nikajiangusha chini.

"Wanafika ufuoni, shangazi, wanakuta nini? Maji yamekupwa! Majahazi yamelala mchangani kama ng'onda! Hakuna pa kukimbilia, wakauawa hapa hapa. Halafu Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikamwita Seyyid Said wa Oman aje ailinde..."

Shangazi hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama nyuma yangu.

"Yalilala vipi, mwanangu? Kama hiyo yetu?"

Nikageuka. Mashua imelala ubavu, mlingoti umeelekea Manda, na kati yake na maji kuna uwanja mzima wa mpira. Shemeji amekaa kwenye kivuli cha chombo, anakula embe.

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuita mara mbili. Ulikuwa unakufa."

Tukasukuma. Mashua haikusogea hata kidole. Kilichosogea ni kiatu changu cha kushoto, kikamezwa na tope, na huko kiko hadi leo. Maji kurudi ni jioni. Kwa miguu mpaka mjini ni kama kilomita 3, na magoti ya shangazi hayataki hata ngazi. Ikabidi punda. Shangazi juu, miguu upande mmoja, leso ameibana kwapani. Mimi nyuma na kiatu kimoja, namswaga punda asiyenisikiliza.

Tulipotokea uwanja wa Mkunguni, wazee wamekaa mbele ya ngome na kahawa zao, habari zimeshawafikia. Shemeji ana simu. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, akautazama mguu wangu mtupu kwa utulivu kabisa.

"Ama nyinyi watu wa Mombasa! Miaka mia mbili, na bado hamjajua maji yanatoka saa ngapi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Nikamtazama shangazi anitetee.

"Mimi nimekuja na punda," akasema. "Huyo simjui."