Rick Snyder na maji ya Flint: mwananchi si mteja

Mfanyabiashara akigombea uongozi, hoja ni ileile: huyu ana zake, hatatuibia, tena anajua kubana matumizi. Kwa Rick Snyder, gavana wa jimbo la Michigan, Marekani, kuanzia 2011 hadi mwanzoni mwa 2019, hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Alisomea sheria na biashara, akafanya kazi ya uhasibu, akapanda hadi urais wa kampuni ya kompyuta ya Gateway, kisha akawa mwekezaji mjini Ann Arbor. Alipoingia ofisini alichukua mshahara wa dola 1 kwa mwaka. Siamini kwamba alifuata ulaji.

Chini ya serikali yake, mji ulioelemewa na madeni ulipelekewa meneja wa dharura, mwenye mamlaka kuliko meya na madiwani waliochaguliwa. Detroit, yenye madeni ya takriban dola bilioni 18, iliomba mahakamani itangazwe imefilisika Julai 2013, na kufikia Desemba 2014 ilikuwa imeshatoka humo. Hilo nampa haki yake.

Flint, mji mwingine wa Michigan, ni habari nyingine. Aprili 2014, chini ya meneja wa dharura, mji uliacha kununua maji ya Ziwa Huron kutoka Detroit ukaanza kuchota Mto Flint, ili kuokoa fedha. Dawa ya kuzuia kutu haikuwekwa. Mabomba yakalika, madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia kwenye maji ya kunywa. Wakazi walikwenda mikutanoni na chupa za maji ya kahawia, wakaambiwa ni salama.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Oktoba 2014, kiwanda cha injini cha General Motors mjini humohumo kiliona vipuri vyake vinaota kutu, kikaruhusiwa kurudi kwenye maji ya Ziwa Huron. Wakazi walisubiri mwaka mzima, hadi daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alipoonyesha kwamba risasi imeongezeka katika damu ya watoto. Kampuni ilikuwa mteja, ikahama. Mama mwenye bomba moja jikoni angehamia wapi?

Silaha yake ni kura, na hiyo ndiyo aliyonyang'anywa. Novemba 2012 wapiga kura wa Michigan waliikataa sheria ya mameneja wa dharura. Desemba hiyohiyo bunge la jimbo likapitisha nyingine, Snyder akaisaini, ikiwa na kifungu cha fedha kilichozuia isipelekwe tena kwa wananchi. Mwaka 2016 aliomba radhi kwa yaliyotokea Flint, na mashtaka aliyofunguliwa 2021 yalifutwa. Lakini mimi namlaumu kwa saini ile kuliko kwa bomba lolote.

Kwa sababu madiwani wa Flint waliwasikia watu wao. Machi 2015 walipiga kura 7 kwa 1 mji urudi kwenye maji ya Detroit. Meneja akakataa, akitaja gharama, na sheria ilimruhusu.