Mtoto wa mwaloni hakukosea

Mpwa wangu wa darasa la sita kaniletea daftari la sayansi lenye alama nyekundu ya mkasi, yaani kosa. Swali: roketi inapaaje? Yeye kaandika: "Inatupa moshi nyuma, yenyewe inaenda mbele. Ni kama ukiruka kutoka kwenye mtumbwi, mtumbwi unarudi nyuma." Kakoseshwa. Jibu la ubaoni lilikuwa "kwa nguvu ya injini". Nimeumia sana.

Mtoto huyu kazaliwa Igombe, Mwanza, kwenye mwalo wa wavuvi. Ameshatumbukia ziwani si mara moja, mtumbwi ukimkimbia miguuni. Kanuni aliyoiandika mwanasayansi Newton mwaka 1687, kwamba ukisukuma kitu nacho kinakusukuma, anayo kwenye nyayo! Tena kawapita watu wazima wengi wanaodhani roketi inajisukuma kwa kuegemea hewa. Ingekuwa hivyo, huko juu kusiko na hewa ingekwama. Roketi inasukuma kile inachokitupa, basi.

Jumamosi tukachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tukachonga kizibo kutoka kwenye kandambili iliyokatika, tukakipenyeza valvu ya tyubu ya baiskeli. Mara ya kwanza hatukutia maji. Tukajaza upepo kwa pampu, chupa ikaruka kidogo, ikaanguka. Mara ya pili tukatia maji theluthi. Kizibo kilipofyatuka, maji yalichimba mchanga na chupa ikapita juu ya mwembe. Akanyamaza, akaitazama mpaka ilipotua. "Mjomba, ni kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa." Hilo sikumfundisha. Akataka kuijaza pomoni, nikamwacha. Ikajikongoja tu, maana upepo haukupata pa kubanwa, na sababu hiyo pia akaitafuta mwenyewe.

Jaribio kama hili lifanyike shuleni. Haya, madarasa yamejaa, nakubali. Na chupa ikimpiga mtoto usoni ni balaa, kwa hiyo wasimame mbali, mwalimu ashike pampu. Lakini pampu moja inatosha shule nzima.

Na asiniambie mtu kwamba roketi ni mambo ya mbali. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya. Walipafuata pale kwa kuwa karibu na ikweta dunia yenyewe inaiongezea roketi kasi ikizunguka. Mwanza iko karibu na ikweta kuliko jukwaa lile.

Nimemwalika mwalimu wake mwaloni Jumamosi ijayo. Kakubali. Mpwa wangu anachonga vizibo vingine vitatu.