Mikorosho inaumwa, binti anataka kusoma hamira

Mwezi wa saba huku Mtwara ni mwezi wa salfa, dawa ya unga wa njano. Mikorosho inatoa maua, ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa unga mweupe, unayavizia, na wakulima wa Tandahimba na Newala wanadamka kabla upepo haujaamka ili wapulize. Shemeji yangu alikuwa ndiyo kwanza anashusha mashine mgongoni, nyusi zimekuwa njano, binti yake alipomwambia amepata nafasi ya shahada ya uzamili na anataka kuchunguza telomea za hamira. Hamira hii hii ya maandazi. Shemeji akajipangusa uso kwa kiganja, akamruka binti na kuniuliza mimi: "Shemeji, hivi kuna mtu analipwa kwa kazi hiyo?"

Yupo, na mmoja wao ndiye aliyemtia mpwa wangu wazimu huu. Victoria Lundblad, mtaalamu wa jeni wa Marekani, ameifuata hamira kwa zaidi ya miaka 30. Kabla ya kuhukumu kama kazi ya namna hiyo ina maana kwa mtoto wa Tandahimba, inabidi tuitazame kwanza ni kazi gani.

Chukua kanga ambayo haijapindwa. Kila ikifuliwa, ukingo unaachia nyuzi. Pindo linaliwa taratibu na hakuna anayejali, maana pindo ni pambo tu. Siku uchakavu utakapofika kwenye jina, ndipo ujumbe unapopotea. Kromosomu, uzi wa DNA unaobeba jeni ndani ya seli, nayo imejaliwa pindo. Mwisho wake una kipande cha DNA kinachojirudiarudia, kisichobeba maagizo ya kutengeneza protini, ambacho kazi yake ni kuliwa badala ya jeni. Kipande hicho ndicho telomea. Seli inapogawanyika, mitambo ya kunakili DNA haiwezi kuimaliza ncha yote, hivyo pindo linapungua kila kizazi, isipokuwa kama kuna fundi wa kushonea nyuzi mpya. Fundi huyo ni kimeng'enya kiitwacho telomerasi. Kiligunduliwa na Carol Greider akiwa na Elizabeth Blackburn, si kwenye hamira bali kwenye kiumbe cha seli moja kinachoishi madimbwini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1985.

Lundblad, akiwa kwenye maabara ya Jack Szostak, aliuliza swali la kiufundi zaidi: ni jeni zipi zinazomfanya fundi huyo afanye kazi? Mwaka 1989 walitangaza kuwa wamepata hamira yenye jeni moja iliyoharibika, ambayo waliipa jina EST1. Kinachonivutia ni jinsi ilivyokufa. Siku za mwanzo ilikuwa nzima kabisa, inagawanyika kama wenzake. Lakini pindo lake, ambalo kwa hamira ni kama herufi 300 tu za DNA, likawa linapungua herufi chache kila kizazi, na baada ya vizazi 50 hadi 100 hivi seli nyingi zikagoma na kufa. Kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Adhabu ikaja kwa vitukuu.

Mwaka 1996 zikaongezeka EST2, EST3 na EST4. Mwaka uliofuata, pamoja na maabara ya Thomas Cech, ikaonekana kwamba EST2 ndiyo moyo wenyewe wa telomerasi, na mwaka huo huo jeni ya binadamu inayofanana nayo ikapatikana. Blackburn, Greider na Szostak walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009. Lundblad hakuwemo, ingawa mwaka 2015 alichaguliwa kuingia Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani.

Hoja ya mpwa wangu, ukiisikiliza kwa utulivu, haisimamii tuzo. Inasimamia jambo dogo la mwaka 1993. Lundblad na Blackburn waliziangalia zile hamira zenye EST1 mbovu na kuona kuwa chache hazikufa. Zilikuwa zimebuni njia ya kuponyokea: zinanakili ncha za kromosomu nyingine na kujishonea pindo bila fundi. Baadaye ilionekana kuwa sehemu ya saratani za binadamu, takriban 10 hadi 15 kati ya kila 100, huendelea kuishi kwa ujanja wa aina hiyo, wakati nyingi zilizobaki humwamsha fundi aliyekuwa amelala. "Mjomba," aliniambia, "nani angeomba fedha za kutafuta hilo? Waliliona kwa sababu hawakuitupa sahani ya kuoteshea."

Sasa upande wa shemeji, ambao watu wa mjini wanaudharau bure. Dawa ya kwanza inayoizuia telomerasi, imetelstati, iliidhinishwa Marekani Juni 2024, kwa wagonjwa wa aina fulani ya maradhi ya uboho yanayoleta upungufu wa damu. Toka 1989 mpaka hapo ni miaka 35. Mkorosho wa kubebeshwa unaanza kuzaa ndani ya miaka mitatu, na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapa hapa nje ya mji, wamefanya kazi ambayo mkulima anaishika mkononi: mbegu bora, miche, namna ya kupuliza. Nchi yenye wataalamu wachache wa jeni ikimpeleka mmoja kwenye hamira, imemwondoa kwenye korosho. Nimejaribu kuikwepa hesabu hiyo, haikwepeki.

Wapo wanaojibu kwamba hamira ni kuvu na ubwiriunga ni kuvu, kwa hiyo ukimjua huyu umemjua yule. Jibu hili linapendeza kuliko linavyosaidia. Hamira unaiotesha kwenye sahani na inaongezeka maradufu kila baada ya dakika 90 hivi. Ubwiriunga hauoti kwenye sahani. Unataka jani hai au ua hai. Ujuzi mwingi utahama, lakini si kwa urahisi unaodaiwa.

Tena kuna doa ndani ya sayansi yenyewe, na afadhali tuliseme sisi. Hamira ya kawaida haizeeki kwa sababu ya telomea. Seli mama huzaa mabinti kama 25 kisha huchoka na kufa, huku pindo lake likiwa halijapungua, maana fundi wake yuko kazini muda wote. Uzee ule una sababu nyingine. Kilichoonekana mwaka 1989 ni uzee wa ukoo mzima uliovunjiwa cherehani. Kwa hiyo anayekuuzia vidonge vya "kurefusha telomea" ili uishi miaka mia anachuma kwa jina la utafiti usiosema hivyo, na binti akiandika kwenye ombi lake la fedha kwamba anatafuta dawa ya uzee, nitakuwa wa kwanza kumwambia afute.

Pamoja na hayo naegemea kwa binti, kwa sababu ya kishamba kidogo. Sayansi hii ni ya bei nafuu kuliko inavyosikika. Hamira inapenda nyuzijoto 30, na Mtwara ya Novemba inazitoa bure. Kinachogharimu ni friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ambayo haivumilii umeme kukatika, na kemikali zinazokaa bandarini wiki nzima. Hayo yana ufumbuzi. Kumpata mwalimu wa kumsimamia ni kugumu zaidi.

Na kuna mabibo. Ukikamua mabibo ukayaacha, yanageuka uraka, pombe ya huku kwetu, bila mtu kutia hamira, kwa sababu hamira za mwitu zimeshaingia zenyewe. Inajulikana kuwa hamira za mwitu hutofautiana urefu wa telomea, na mwaka 2009 watafiti walionyesha baadhi ya jeni zinazoleta tofauti hiyo. Nilimwambia mpwa wangu aanzie hapo: akusanye uraka wa Tandahimba, Masasi na Nachingwea, atenge hamira zake, apime mapindo yao. Swali litabaki la Lundblad, lakini sampuli zitatoka shambani kwa baba yake.

Shemeji alilisikiliza hilo mpaka mwisho. Akauliza ni lita ngapi zitahitajika, na nani atazilipia.