Asiyeona mbali akiambiwa ana glakoma: aanze dawa au asubiri?

Aliyevaa miwani ya kuonea mbali tangu shule ya msingi huzoea kuamini kwamba shida yake inaishia kwenye lenzi: ukivaa unaona, yamekwisha. Kisha siku moja anakwenda kubadilisha miwani, daktari anamulika ndani ya jicho, ananyamaza, anamulika tena, halafu anamwambia shimo la mshipa wa fahamu wa jicho lake ni kubwa kuliko kawaida. Huenda ni glakoma, ugonjwa unaoua polepole nyuzi za mshipa huo unaopeleka picha kwenye ubongo. Kuanzia hapo wataalamu wenyewe hawasemi kitu kimoja. Wapo watakaomwandikia siku hiyo hiyo matone ya kushusha presha ya jicho, ya kutumia maisha yake yote, na wapo watakaomwambia arudi baada ya miezi sita.

Wanaotaka aanze mapema wana hoja nzito. Utafiti wa Blue Mountains wa Australia, uliochapishwa mwaka 1999, ulipima watu zaidi ya 3,600 wa miaka 49 na kuendelea. Kwenye macho yasiyo na tatizo la kutoona mbali, glakoma ilikutwa kwa asilimia 1.5, kwenye macho yenye tatizo hilo ilipita asilimia 4. Sababu inaeleweka. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na la asiyeona mbali sana hupita 26. Likirefuka, ukuta wake huvutwa na kuwa mwembamba, pamoja na ule wavu wa nyuma ambamo nyuzi kama milioni moja za mshipa wa fahamu hupenya kwenda kwenye ubongo. Presha ambayo jicho jingine hustahimili, hapo yaweza kudhuru. Ndiyo maana jina letu la "presha ya macho" linaponza watu: mtu anapimwa presha 15, ndani ya kiwango cha kawaida cha 10 hadi 21, anaambiwa mzima, kumbe nyuzi zinakufa. Na zikishakufa hazirudi.

Upande wa pili nao una ushahidi. Jicho refu huiga glakoma. Mshipa huliingia kimshazari, shimo likaonekana pana, na mashine inayopima unene wa tabaka za retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, ikapaka rangi nyekundu kwa sababu inalilinganisha na macho ya watu ambao wengi wao hawana namba kubwa za miwani. Mwaka 2007 madaktari walieleza habari za kundi dogo la wanaume wa Kichina, wengi wao wasioona mbali, waliokuwa na dalili za glakoma na hata mapengo kwenye uga wa kuona, yaani lile eneo lote ambalo jicho huliona, lakini walipofuatiliwa kwa hadi miaka 7 hawakuonekana kuzidiwa. Na matone si maji. Timolol, mojawapo ya matone hayo, humbana pumzi mwenye pumu, na kila chupa inayokwisha ni pesa nyingine.

Mimi mwenyewe sioni mbali, navaa lenzi kali za hasi 7, na kwa kijana ambaye presha yake ni ya kawaida naegemea upande wa kusubiri. Lakini subira ya Wachina hatuwezi kuiazima nzima nzima. Huko Kongwa, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa zaidi ya asilimia 4 ya watu wa miaka 40 na kuendelea. Isitoshe, watu wenye asili ya Afrika mara nyingi wana konea (kioo cha mbele cha jicho) nyembamba, na konea nyembamba huifanya mashine isome presha chini ya ilivyo.

Tena kusubiri kuna masharti yake. Kile kipimo cha uga wa kuona, cha kuweka kidevu kwenye kiegemeo, jicho moja limezibwa, ukibonyeza kitufe kila unapoona kitone cha mwanga, mara ya kwanza watu wengi hukikosea. Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa na alama nyeusi tatu jicho la kushoto. Ya pili, miezi sita baadaye, ilibaki moja. Bila ile ya kwanza, ya pili isingekuwa na maana. Sasa kwetu, ambako faili hupotea na mtu hubadili hospitali kila anapohama mji, "tutaangalia" mara nyingi huwa ni kumwacha mgonjwa mwenyewe. Omba karatasi zako, zipige picha kwa simu. Mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepofuka kwa glakoma, mtaje kabla hujaulizwa.

Kuna hali moja ambayo sioni sababu ya kungoja. Glakoma tumeambiwa huanza kula pembeni, lakini kwa asiyeona mbali mara nyingi hugusa mapema sehemu iliyo jirani na katikati, pale pale tunaposomea meseji na kutambulia sura za watu. Pengo likiwa hapo, na likajirudia kwenye kipimo cha pili, matone yaanze.