Mlonge, Mbaazi na Kisukari Huku Kusini

Unga wa mlonge, uwatu na mdalasini unasifiwa Mtwara kuwa unashusha sukari, na wapo wagonjwa wanaoacha vidonge vya kliniki kwa sababu hiyo.

Wanaoutetea wana hoja. Metformin, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili huanzishiwa, chimbuko lake ni galega, mmea wa Ulaya. Kemikali yake ilionekana kushusha sukari, wataalamu wakatengeneza ya jamii hiyo iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya kuwatibia wagonjwa. Hata polifenoli, kemikali za mimea zinazoleta ukakasi wa chai ya rangi na wa mabibo yetu, matunda ya mkorosho (ingawa bibo lenyewe lina sukari ya kutosha) zimeonekana maabara zikipunguza kasi ya vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari.

Ila kisa cha galega kina upande wa pili. Mmea wenyewe ni sumu, umeua kondoo malishoni. Mgonjwa alipewa kidonge chenye kipimo kinachojulikana. Kijiko cha mlonge hakina kipimo hicho. Na mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 10 ya mdalasini, yasipate ushahidi wa kutosha kuupendekeza kwa wenye kisukari. Mdalasini wa kasia, aina mojawapo ya mdalasini, una kumarini, kemikali ambayo ikizidi huumiza ini. Anayechanganya dawa za mimea na insulini naye anaweza kushukiwa na sukari ghafla: atokwe jasho, atetemeke, hata azimie.

Naamini faida kubwa iko kwenye sahani, tena kwa mbaazi. Nyuzinyuzi zake na wanga wake unaomeng'enywa polepole huifanya sukari iingie damuni taratibu. Lindi na Mtwara tunailima, lakini tunaiwazia soko la India zaidi. India ilipowekea mipaka uagizaji mwaka 2017, bei ilituangukia. Nyumbani mlima wa ugali wa muhogo unaletwa na mbaazi kiduchu pembeni. Mbaazi ziongezwe, ugali upunguzwe.

Hata hivyo vipimo viendelee. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari, na vidonge haviachwi bila daktari. Anayetumia mlonge amweleze mhudumu, na mhudumu asimkaripie. Akikaripiwa, safari ijayo atanyamaza na kuendelea kuchanganya.