Msiniamulie kwa sababu ya umri

Mwanamke wa miaka sabini na kitu akigundulika ana saratani ya matiti, haikawii kutokea mtu wa kusema, "Kwa umri wake, tumwache apumzike." Na haikawii kutokea mwingine wa kujibu, "Afanyiwe kila kitu, mama yetu hatumwachii ugonjwa." Wote wawili wanasema kwa mapenzi. Wote wawili wameamua kabla hawajamuuliza mwenye mwili.

Mimi nina miaka 74. Uvimbe wangu ulionekana kwenye mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, ukiwa bado mdogo. Siku ya majibu ya kipimo cha kipande kilichochukuliwa kwenye uvimbe, daktari, kijana mpole kabisa, alifungua faili akamgeukia binti yangu. "Mama presha inaendaje? Anatembea mwenyewe?" Nami nimekaa palepale, mkoba mapajani. Binti yangu akamwambia, "Daktari, muulize mwenyewe, anakusikia." Namshukuru mwanangu kwa sentensi ile kuliko kwa nauli zote alizonilipia, kwa sababu kuanzia hapo maswali yalikuja kwangu, na mimi nikapata nafasi ya kuuliza ya kwangu.

La kwanza kuuliza ni aina ya saratani yenyewe, maana hazifanani. Kwa wanawake wengi wa rika letu uvimbe huwa una vipokezi vya homoni, yaani unakua kwa kutegemea estrojeni, homoni ya kike, na mara nyingi hauna kasi kubwa. Wangu ni wa aina hiyo, na tezi za kwapani zilikuwa safi, saratani haikufika huko. Kwa hali kama hii mionzi baada ya kutoa uvimbe ni jambo ambalo mwanamke anaweza kulichagua au kuliacha, na mtu akiliwasilisha kama amri anamnyima haki yake.

Ushahidi upo. Utafiti wa PRIME II, ambao matokeo yake ya miaka 10 yalichapishwa mwaka 2023, ulifuatilia wanawake 1,326 wa miaka 65 na kuendelea. Wote walikuwa wametolewa uvimbe mdogo na walipangiwa dawa za homoni, zile za kuzuia estrojeni isiuchochee ugonjwa; nusu wakapigwa mionzi, nusu wakaachwa bila. Saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 9.5 ya wasiopigwa mionzi, na asilimia 0.9 tu ya waliopigwa. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini waliokuwa hai baada ya miaka 10 walikuwa karibu 81 kwa kila 100 katika makundi yote mawili, na wengi wa waliofariki waliondoka kwa maradhi mengine.

Mimi niliposikia hesabu hizo nikasema mionzi siitaki. Rafiki yangu wa rika hilohilo, mwenye uvimbe unaofanana na wangu, alizisikia hesabu zilezile akachagua kupigwa, kwa sababu wazo la ugonjwa kurudi mahali palepale lilikuwa halimpi usingizi. Kwa uvimbe fulani siku hizi mionzi humalizika kwa wiki moja, kwa hiyo hakuchagua mateso. Ninavyoona mimi, kila mmoja wetu aliamua vyema. Hesabu ni moja, maisha ya kubeba jibu ni mawili.

Ila anayeacha mionzi asijidanganye kwamba ameachana na matibabu. Amejifunga na kidonge cha homoni, kwa kawaida cha kila siku kwa miaka mitano. Mimi natumia anastrozoli. Asubuhi vidole vinaamka vimekakamaa. Kufunga kifungo cha juu cha gauni ni kazi ya kusimama dirishani na kuvuta subira. Dawa za kundi hili hupunguza uimara wa mifupa, ndiyo maana niliomba kipimo cha uimara wa mifupa kabla sijaanza, na nawasihi wenzangu nao waombe. Tamoksifeni, dawa nyingine ya homoni, haina ubaya huo kwa mifupa yetu, lakini inaongeza hatari ya damu kuganda na ya saratani ya mji wa mimba. Haya yasemwe mapema, maana mwanamke akishtukizwa na maumivu hukiweka kidonge kabatini bila kumwambia mtu.

Sasa naomba nisieleweke vibaya: sitetei kupewa tiba pungufu. Kuna wazee wanaonyimwa tibakemikali (kemo) kwa sababu tu ya mwaka waliozaliwa, na hilo linaniuma zaidi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwagawa wanawake wa miaka 65 na zaidi: wengine tibakemikali ya kawaida, ambayo kwa sehemu kubwa ni dripu, wengine kidonge cha kapesitabini kilichodhaniwa kingekuwa chepesi kwao. Waliopewa kidonge walikuwa na hatari karibu mara mbili ya ugonjwa kurudi au kufariki, na pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wenye uvimbe usiotegemea homoni. Bibi wa miaka 76 mwenye nguvu zake na uvimbe wa namna hiyo anastahili kupewa dripu, na kuambiwa wazi zitamchosha vipi.

Nguvu zenyewe zinapimika. Mimi niliambiwa niinuke kitini, nitembee hatua chache, nigeuke, nirudi kukaa, huku muuguzi ana saa mkononi. Nikaulizwa dawa zote ninazomeza, kama nimewahi kuanguka, nani yuko nyumbani, nakumbuka maneno gani kati ya niliyotajiwa. Kipimo hicho hakichukui muda na kinamweleza daktari mengi kuliko tarehe ya kuzaliwa. Hospitali isiyokifanya, kiombeni.

Na kuna lile la "titi la nini tena kwa umri huo, litolewe lote". Niliambiwa na ndugu wa karibu. Mwanamke anaweza kulitoa lote kwa sababu zake, na wapo wanaopata amani hivyo. Mimi nililitaka titi langu nikiwa na miaka 20 na nalitaka sasa, na daktari alipoona uvimbe unatoka bila kulitoa lote, hakuniomba nijieleze.

Mwezi ujao narudi kliniki. Nitamwomba daktari tuangalie kama vidole hivi ni vya kuvumilia, au nibadilishiwe dawa.