Si nyama inayopanda kichwani
Kuna mwandishi anasema ukila kitimoto chenye vifuko vya tegu (viluwiluwi vyake), vinahamia ubongoni na kuleta kifafa. Hapana. Vifuko vya nyama isiyoiva huwa tegu tumboni. Vya ubongoni vinatokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu, kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe pale wilayani Mbozi, Tanzania, anavipata kwenye mboga zenye mayai hayo. Dalili zinategemea kifuko kilipokaa. Kikikaa upande wa kushoto wa ubongo, penye sehemu inayoendesha mkono, ni mkono wa kulia unaorukaruka, maana mishipa ya fahamu ya mwendo hupishana kwenye shina la ubongo, kabla tu ya uti wa mgongo. Kikiwa kisogoni, kwenye serebela (sehemu ya ubongo inayolinda usawa wa mwili), mtu anapepesuka kama katoka kwenye ulanzi, na watu humcheka bure. Kwenu nguruwe bado wanazurura hadi chooni, wanakookota mayai hayo?